Huyu wa Pichani ni Nani?

Kando ya ziwa letu la Tanganika zimebaki picha nyingi za vita vya 1914-1918. Nyingine zimo katika masanduku ya misioni, nyingine katika nyumba za watu, na siku hizi nyingi zinapita kutoka simu hadi simu. Mara kwa mara yumo Mzungu mwenye kofia ya baharia na nishani kifuani, na chini yake mtu ameandika jina. Mara huitwa Zimmer, mara Rosenthal, mara "mkubwa wa Götzen". Aliyeandika alijuaje? Mara nyingi alisikia tu.

Jambo hili si dogo. Kuandika jina chini ya sura ya mtu ni kutoa ushuhuda. Katika vita vile watu waliuawa, vyakula vya vijijini vilichukuliwa, vijana walishikwa kuwa wapagazi. Ukiandika jina la fulani chini ya sura isiyo yake, umemtwisha matendo ya mwingine, naye amekwisha kufa, hawezi kujitetea. Tena wajukuu wa walioumizwa umewapa uongo badala ya habari. Amri ya nane haikusema kwamba wafu hawamo.

Basi tuanze na mkono wa koti. Ofisa wa manowari wa Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, alivaa koti la buluu nzito lenye safu mbili za vifungo, na mwishoni mwa mkono wa koti ilizunguka mistari ya dhahabu. Leutnant, yaani ofisa mdogo, alikuwa na mmoja, Korvettenkapitän mitatu, Kapitän zur See minne. Juu ya mistari palikuwa na taji la Kaisari, na taji hilo ndilo linalotuambia wakati. Kaisari Wilhelm II aliacha enzi Novemba 1918; baadaye nyota yenye ncha tano ikashika mahali pa taji. Ukiona nyota, picha si ya vita vile. Na ukiona tai mwenye swastika upande wa kuume wa kifua, picha ni ya 1934 au baada yake, maana ndipo alama hiyo ilipotiwa katika mavazi ya jeshi. Nimeonyeshwa picha ya namna hiyo hiyo, imeandikwa "Kigoma 1915". Mwaka 1915 Hitler alikuwa askari mdogo asiyejulikana huko Ufaransa!

Mwingereza naye alikuwa na mistari ya dhahabu, lakini ule wa juu una kitanzi kidogo cha mviringo. Mdachi hana kitanzi. Alama hii inafaa sana huku kwetu, kwa sababu mwaka 1915 Geoffrey Spicer-Simson alileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa njia ya Fungurume, Bukama na Kabalo mpaka Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Yeye mwenyewe si wa kukutaabisha: alikuwa na desturi ya kuvaa sketi ya kaki.

Lakini angalia, katika joto maofisa walivaa nguo nyeupe, na nguo hizo hazina mistari mkononi. Hapo cheo hutazamwa mabegani. Asiyejua hilo huona mkono mtupu akasema, "Huyu ni mtu wa chini tu."

Sasa nishani. Iliyo maarufu kuliko zote ni Msalaba wa Chuma. Nimewasikia Wakristo wakisema kwamba aliyeuvaa alikuwa padri au mtu wa dini. Sivyo. Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliuanzisha mwaka 1813 katika vita vya kupigana na Napoleon, ukarudishwa mwaka 1870, tena 1914, tena 1939. Mwaka wake umechorwa katika mguu wa chini wa msalaba, na wa 1914 una taji juu na herufi W katikati. Wa daraja la pili ulining'inia kwa utepe mweusi wenye kingo nyeupe. Mara nyingi mtu aliuacha msalaba nyumbani, akapitisha utepe tu katika tundu la kifungo. Wa daraja la kwanza hauna utepe kabisa; ulibandikwa upande wa kushoto wa kifua. Kumbe hapo pana faida nyingine. Ukiuona upande wa kuume, usishangae wala usitunge habari: picha imechapwa kinyume. Tazama maandishi ya utepe wa kofia za mabaharia waliosimama nyuma. Utayaona yanasomeka kinyumenyume.

Rangi ndizo zenye udanganyifu mkubwa zaidi. Filamu nyingi za wakati ule hazikuona rangi nyekundu. Nyekundu ikatoka nyeusi, ya manjano ikatoka nzito, na buluu ikawa hafifu, karibu nyeupe. Nishani ya vita vya China, iliyoanzishwa mwaka 1901, ilikuwa na utepe wa manjano katikati, lakini pichani waweza kuuona kama utepe wa maombolezo. Na ule msalaba wa buluu wa Pour le Mérite, uliovaliwa shingoni, waweza kuonekana mweupe. Kwa hiyo usimsadiki mtu anayesema "naona utepe mweusi" katika picha ya kale, hata akiwa na kioo cha kukuzia.

Iko pia nishani ya makoloni ya mwaka 1912. Juu ya utepe wake waliweka vibao vidogo vyenye jina la nchi na miaka, na kimojawapo ni cha Afrika Mashariki ya Kidachi, 1905 hadi 1907. Maana yake ni vita vya Maji Maji, vilivyofuatwa na njaa iliyoua watu makumi ya maelfu. Mabaharia wa manowari walishuka pwani kupigana katika vita hivyo. Mtu anayesoma nishani kama mapambo tu hupita hapo bila kusimama. Mimi nasema, simama.

Ukiisha kusoma nguo, uliza historia. Zimmer alikuja Kigoma na mabaharia wa Möwe, meli waliyoizamisha wenyewe Dar es Salaam Agosti 1914. Wengine walitoka katika Königsberg, iliyokwisha katika mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Rosenthal alikamatwa karibu na Lukuga Desemba 1915. Basi hawezi kuwa Kigoma katika picha ya 1916. Junge, mkubwa wa Kingani, aliuawa tarehe 26 Desemba 1915. Odebrecht alitekwa Hedwig von Wissmann ilipozama, tarehe 9 Februari 1916. Na si kila Mdachi aliyesimama kando ya Götzen alikuwa ofisa: Anton Rüter na wenzake wawili waliotoka Papenburg walikuwa mafundi wa kuunda meli.

Mwisho, huko Berlin serikali ilikuwa ikichapa kitabu cha maofisa wote wa manowari, chenye cheo cha kila mmoja na nishani zake. Ukipata mistari mitatu, na nishani nne unazozisadiki, unalinganisha na kitabu cha mwaka ule, na majina mamia yanapungua mpaka yanabaki machache. Yakibaki mawili, andika yote mawili. Lisipobaki hata moja, andika "hajulikani". Andika nyuma ya picha kwa penseli, wala si kwa wino, na useme nani alikuambia.

Lakini katika picha hizo hizo, pembeni, wamesimama watu wasio na nishani wala mistari. Ni mabaharia Waafrika, maana Kingani ilikuwa nao ndani yake. Ni askari, ni wapagazi waliochukua vipande vya Götzen vilivyofika katika masanduku 5,000. Kitabu cha Berlin hakiwataji. Hao wanataka kazi nyingine. Misioni za Mpala na Karema zilikuwa na Mapadri Weupe tangu 1885, nao waliandika ubatizo, ndoa na maziko: jina la mtu, la baba yake, la kijiji chake. Mwenye picha na aende kwa padri wa parokia aombe kutazama vitabu vya miaka ile, kisha apeleke picha kijijini, awaulize wazee sura ile wameiona katika ukoo gani.