Nilifuata Swala Biharamulo, Nikamkuta Baba

Mume wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Nilikuwa nimemwambia jambo moja tu, kwamba nataka kujifunza kuwinda swala.

"Wewe? Wewe unayemwita mlinzi ukiona mjusi bafuni?"

Mjusi namwogopa, sikatai. Na jamani, najua inavyosikika. Mwanamke wa Dar, mhariri, kucha zimepakwa rangi, eti anataka bunduki na buti. Shosti mmoja ofisini aliniuliza kama kuna mtu nimegombana naye.

Sababu niliyokuwa nawapa watu ilikuwa ya kawaida. Zaidi ya miaka kumi nahariri makala za wenzangu kuhusu namna ya kupunguza mawazo na kulala vizuri, na mimi mwenyewe silali. Siku yangu ni foleni, simu, kikao, simu, foleni. Nyama nainunua imekatwa, imefungwa, imebandikwa bei, wala sijawahi kujiuliza ilikuwa inatembea wapi. Nilitaka, angalau mara moja maishani, nile nyama ninayoijua ilikotoka. Siko peke yangu katika hili. Mwaka 2020, korona ilipowafungia watu ndani, Marekani iliona ongezeko la watu waliokata leseni za kuwinda, wengi wao wageni kabisa kwenye mambo hayo.

Sababu ya pili sikumwambia mtu. Ilikuwa ni picha.

Katika picha hiyo baba yangu amesimama kwenye majani yaliyoungua, bunduki begani, miguuni kwake amelala pongo dume. Nyuma imeandikwa kwa kalamu ya wino, "Biharamulo, 1986". Anacheka, meno yote nje. Baba niliyemjua mimi, karani wa duka la jumla Kariakoo, hakuwa mtu wa kucheka. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, na mpaka anaondoka hatukuwahi kuongea zaidi ya dakika kumi mfululizo bila ada au matokeo ya mtihani kuingia katikati.

Basi nikampigia simu baba mdogo, aliyebaki kule nyumbani. Nikamweleza kwamba nimeshaanza mafunzo ya kutumia silaha, na shabaha yangu si mbaya. Akanyamaza kidogo.

"Bunduki mtu yeyote anafundishika kwa wiki moja, mama," akasema. "Njoo kwanza nikufundishe kutembea."

Kwa wasomaji mnaopenda kujua njia, mimi nilipanda ndege mpaka Mwanza, halafu gari dogo. Kivuko cha Busisi kile kilichokuwa kinatutesa sasa ni hadithi. Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na ushee, lilifunguliwa Juni 2025, na unavuka kabla hujamaliza soda. Baada ya hapo ni Sengerema, Geita, Bwanga, na jioni uko Biharamulo, mji mtulivu wenye boma la Mjerumani na miembe, ambako watu bado wanasimama kukusalimia. Ukiwa na haraka ya kijijini mjini utaonekana huna adabu. Mimi nilionekana hivyo siku mbili za kwanza.

Hapa nisimame kidogo niweke mambo sawa, maana kuna watu watasema jarida linawashawishi wakavamie mapori. Kwanza, yule mnyama wa kwenye filamu za Ulaya, mwenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya, huku kwetu hayupo. Afrika nzima, kwa asili, yupo kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Kamusi zetu zinamwita kulungu, jina ambalo wengi wetu tunampa pongo. Wetu ni ukoo wa swala, na pembe zao hazidondoki. Pili, Biharamulo huwindi. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, na ndani ya hifadhi ya taifa haipigwi risasi ya kitoweo. Unaingia kwa kibali, unatazama, unatoka. Anayetaka kuwinda kihalali anakata leseni na kwenda kwenye eneo lililoruhusiwa, kwa mnyama aliyeandikwa kwenye leseni yake.

Nilijua yote hayo kabla ya kufunga begi. Baba mdogo naye alijua. Ndiyo maana alisema kutembea.

Tuliingia hifadhini alfajiri na askari wa wanyamapori, kijana mpole mwenye bunduki pekee iliyokuwepo katika msafara wetu. Baba mdogo ana miaka sabini na kidogo. Mfukoni alikuwa na soksi ya mtoto iliyojaa majivu laini. Kila baada ya muda anaipiga kwa kidole, vumbi linatoka, anatazama linakoelekea, halafu tunabadilisha njia. Nikamwuliza kwa nini tunazunguka wakati wanyama wako kule mbele, nawaona kabisa.

"Wewe unawaona. Wao wanakunusa. Umepaka nini?"

Nilikuwa nimepaka mafuta ya nywele, losheni na kitu cha kwapa chenye harufu ya maua. Aibu niliyoona!

Saa tatu nzima tulitembea, na nikwambie ukweli, saa ya kwanza niliichukia. Nilikanyaga kila kijiti kikavu kilichopo katika mkoa wa Kagera. Akili ilikuwa ofisini, mkono unatafuta simu ambayo nilikuwa nimeizima. Baba mdogo hakunikaripia. Alisimama tu, akasubiri nitulie, tukaendelea. Akanionyesha kwato za pongo, ndogo, zimechongoka kama moyo uliogeuzwa. Akanionyesha kinyesi kinachong'aa na kisichong'aa, na maana yake. Sauti kama mbwa anabweka kichakani ilinishtua, nikadhani kuna kijiji karibu. Akacheka kwa mara ya kwanza. Ni pongo, ameshatuona, anawatangazia wenzake.

Saa ya pili kitu kikaachia. Sijui nieleze vipi. Niligundua nimetembea muda mrefu bila kuwaza chochote kisichokuwa mbele ya macho yangu. Nikasikia nyuki. Nikasikia pumzi zangu, kisha nazo nikaacha kuzisikia. Mwaka mzima nilikuwa nalipia mazoezi ya kutuliza akili, watu tumelala kwenye mikeka tunasikiliza mawimbi kutoka kwenye spika.

Tukafika mahali palipoungua, majani mapya yameanza kuchipua, na nyamera sita wanakula. Ba'mdogo akaninong'oneza kanuni: akiinamisha kichwa, tembea; akiinua, uwe mti. Tulisogea hivyo, tembea, mti, tembea, mti, mpaka kwenye hatua kama hamsini. Mmoja alikuwa amejitenga kidogo, pembe nzuri, mwili wa rangi ya kahawia iliyokolea kama samani ya mninga. Msomaji wangu, sikudanganyi. Sikuwa na bunduki, lakini nilikuwa nimeshamchagulia mahali. Nyuma ya bega, chini kidogo. Moyo ulikuwa unapiga kama wa msichana anayesubiri kujibiwa barua.

"Ungempiga?" baba mdogo akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Niliona pembe, nikajua ni dume.

"Nyamera wote wana pembe, dume na jike. Angalia miguuni kwake."

Kwenye majani nyuma yake alikuwepo mtoto, amelala, masikio tu yanaonekana. Jike mwenye mtoto haruhusiwi kuwindwa, sheria inakataza, na nilikuwa nimeisoma sheria hiyo mara mbili nikaona naielewa. Hakuna kitu kilichonipa somo la haraka kama yale masikio.

Kesho yake tukaenda Ngara kumsalimia shangazi. Kutoka Biharamulo unashuka mpaka Lusahunga, halafu unashika barabara kubwa ya kwenda Rusumo, ile ya malori ya Rwanda na Burundi. Miaka ya nyuma magari yalipita huku kwa msafara, yakisindikizwa na polisi kwa ajili ya majambazi. Siku hizi kinachokusumbua ni malori tu. Mchana tukasimama Benaco, ambako njia ya Ngara inachepuka. Ni senta ya madereva: vibanda, chipsi, moshi wa nyama choma. Mimi nikaagiza mbuzi. Baba mdogo akaagiza wali maharage. Nikakumbuka kwamba tangu nifike sijamwona anakula nyama.

"Unajua hapa palikuwa na nini?" akauliza.

Nilijua kama anavyojua mtu aliyesoma magazeti. Aprili 1994, kama watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 tu, wakikimbia mauaji, na kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa ndani ya siku chache. Waliondoka Desemba 1996.

"Mgao ulikuwa mahindi, maharage na mafuta," akasema. "Nyama hakuna. Watu laki ngapi, miaka miwili, bila nyama. Na pori liko pale."

Kambini nyama ya porini ilikuwa na jina lake, mchicha wa usiku, kwa sababu ilipikwa gizani. Utafiti wa shirika la TRAFFIC uliotolewa mwaka 2008 ulitumia jina hilo hilo, na ulikadiria kwamba wakati mambo yamepamba moto makambi makuu yalikuwa yanakula tani 7.5 za nyama haramu kwa wiki. Mimi takwimu hizo nilikuwa nazo kwenye daftari. Nilizibeba kutoka Dar, tayari kwa makala.

"Sisi tulikuwa tunaleta," baba mdogo akasema. "Mimi na baba yako."

Sikujibu.

Aliendelea huku anatazama sahani yake. Kabla ya hapo walikuwa wanapiga mnyama mmoja au wawili kwa mwaka, kwa kibali, na nyama inagawanywa nyumba kwa nyumba. Mwaka 1995 ilikuwa kila usiku wenye mbalamwezi. Majike, watoto, chochote chenye macho yanayong'aa kwenye tochi. Usiku mmoja walimpasua jike wakakuta mapacha ndani. Baba yangu akaketi chini. Asubuhi yake akasema hashiki tena bunduki, akachukua fungu lake la fedha, akatuhamishia Dar.

Nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka basi, nakumbuka begi jipya la shule. Kwa hiyo umjini wangu wote huu, shule ya kulipia, Kiingereza changu, hata hiki kiti cha uhariri, umeanzia kwenye gunia la nyama lililobebwa usiku. Nilitaka kumkasirikia mtu. Nikawaangalia madereva wanakula, nikafikiria mama wa Kinyarwanda mwenye mtoto mgonjwa anayeuziwa kipande kile, nikakosa wa kumkasirikia. Mbuzi wangu ukapoa.

Rusumo nilipaona kupitia dirishani, maporomoko, daraja, mto Kagera wa rangi ya chai ya maziwa. Sikupiga picha. Nilikuwa nimeshika ile picha ya baba.

Nikampa ba'mdogo. "Na huyu?"

Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Huyu alikuwa wa kibali," akasema. "Huyu walikula watu wote wa mtaa. Mimi ndiye niliyepiga hiyo picha, kamera ya mwalimu mkuu."

Nimesharudi Dar. Mume wangu aliuliza kama bado nataka, nikamwambia nataka. Msimu ujao naomba leseni ya mnyama mmoja, dume, mahali panaporuhusiwa. Akauliza kwa nini, baada ya yote hayo. Nikamweleza kuhusu saa ya pili, na kuhusu yale masikio, na kwamba nataka kuwa mtu anayeweza kuyaona kabla hajaambiwa. Safari hii hakucheka. Alitaka kujua nani atachuna ngozi.

Baba mdogo anapiga kila Jumapili. Hana salamu nyingi. Anauliza upepo wa huku kwetu unatoka wapi. Mara ya kwanza nilimjibu unatoka baharini, akaniambia hilo hata mtoto analijua, nitoke nje na soksi yangu nikaangalie.