Baada ya Kupima

Kwetu Matambarale, wilayani Ruangwa, mgeni akija na kifaa cha kupimia, wazee hawamuulizi kinapima nini. Wanamuuliza atarudi lini.

Wana sababu. Ardhi ya huku ina madini ya kinywe, yale yanayotumika kwenye betri. Walikuja wachorongaji, wakafuata wathamini, wakahesabu nyumba na mikorosho. Kisha kimya. Mjomba wangu alikaa misimu kadhaa hajui kama apande miche mipya au aiache mikorosho yake izeeke. Jibu baya angelipokea. Hakupata lolote.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na ninachosomea ni kupima: kupima upepo wa baharini kabla ya kujenga mitambo ya umeme. Nilipomweleza alicheka. "Mjomba," akaniita, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi, "sisi upepo tunaupima kwa ungo, siku ya kupepeta ufuta."

Nikamwambia ungo wa wenzetu ni mrefu. Katika Bahari ya Kaskazini, kilomita 45 hivi kutoka kisiwa cha Borkum cha Ujerumani, upo mnara uitwao FINO1, wa takriban mita 100, uliowekwa mwaka 2003 kwa kazi hiyo. Mnara wa namna hiyo ni ghali, kwa hiyo siku hizi wengi hutumia boya lenye laida. Kifaa hiki hurusha mwanga wa leza angani, ukagonga vumbi na chembe za chumvi zinazobebwa na upepo, kisha ukarudi. Unaporudi umebadilika kidogo, kama mlio wa bodaboda unavyobadilika ikikupita, na badiliko hilo ndilo linaloeleza kasi. Boya nalo linayumba na mawimbi, hivyo lazima kuyumba kwake kuondolewe kwenye hesabu.

Tunahangaika hivyo kwa sababu kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu iliyomo huzidi mara nane. Hata kati ya mita 8 na 9 kwa sekunde, tofauti ya nguvu ni asilimia 42 hivi. Kosa dogo la kasi ni kosa kubwa la umeme, na deni la ujenzi halisubiri. Ndiyo maana vipimo huchukua mwaka mzima au zaidi. Pwani yetu ikipimwa Julai peke yake, kusi litajiandika kana kwamba kaskazi halipo. Na kwa kuwa mwaka mmoja unaweza kuwa wa ajabu, hulinganishwa na kumbukumbu za hali ya hewa za miongo kadhaa.

Mwishoni tunatoa makadirio mawili: kiasi cha umeme chenye nafasi nusu kwa nusu ya kufikiwa, na kiasi kidogo zaidi chenye uwezekano wa asilimia 90. Benki hukodolea macho hicho cha pili. Anayetoa mkopo anaelezwa, kwa tarakimu, ukubwa wa tusichokijua.

Hapo mjomba akaacha kucheka. "Kwa hiyo benki wanaambiwa msichokijua. Na wenye bahari je?"

Swali hilo lina mfano karibu, nchi kavu. Karibu na Ziwa Turkana, Kenya, imesimama mitambo 365 ya upepo, megawati 310, inayoingiza umeme kwenye gridi tangu 2018. Upepo wa pale haukumwangusha mtu. Ardhi ndiyo iliyofika mahakamani: mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kihalali.

Bahari ya Lindi na Mtwara haina mtambo wa upepo hata mmoja. Ina wavuvi. Siku boya la laida likitia nanga kule, kwao litakuwa kwanza kitu cha kukwepa, nyavu zisinase. Nikiwa mmoja wa watakaolipeleka, nitataka litanguliwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, ubandikwe kwenye soko la samaki: tunapima nini, tunaondoka lini, na tarehe ya kurudi kuwaambia tulichokipata, hata kama habari yenyewe ni kwamba hakuna kitakachojengwa.