Dakika Tisini

Hapa kwetu Misisi, mji wa wachimba dhahabu, siku ya mchezo mkubwa wa mpira watu hukusanyika katika nyumba ya video, jenereta ikinguruma nje. Jumapili moja tulimsindikiza baba yetu humo. Mabenchi yalijaa vichwa vya mvi. Vijana walikuwa nje, wameegemea ukuta, kila mmoja ameinamia simu yake.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha ya kwamba nusu ya watazamaji wa besiboli katika televisheni walikuwa na miaka 57 au zaidi. Vijana wangali wanapenda michezo, ila hawapendi kungoja. Bao huwajia katika simu, limekwisha katwa, la nusu dakika.

Jioni ile mpwa wetu, mwenye miaka 15, alituonyesha kipa Kidiaba wa TP Mazembe akirukaruka kwa makalio.

“Mjomba, tazama!”

Tukamwuliza ulikuwa mchezo gani. Hakujua.

Ndipo baba yetu akaanza kusimulia. Mwaka 1974, akiwa mtoto karibu na redio, alisikia Zaire ikifungwa mabao 14 katika michezo mitatu huko Ujerumani Magharibi, isipate hata moja. Akangoja miaka 36. Tarehe 14 Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe walikutana na Internacional ya Brazili. Kipindi kizima cha kwanza kikapita bila bao. Dakika ya 53 Kabangu akafunga. Dakika ya 85, Kaluyituka. Timu ya Afrika ikaingia fainali ya klabu za dunia kwa mara ya kwanza! Siku nne baadaye Inter ya Italia iliwashinda 3-0.

“Wewe waona mtu anaruka,” akamwambia mjukuu wake. “Mimi nililia.”

Yatupasa kukiri: baba akisimulia, sisi tulitazama simu yetu mara mbili. Mpwa wetu hakuitazama yake.

Basi, wazazi wenzetu, kabla ya kuwagombeza vijana, tukae nao benchi moja. Jumapili iliyofuata tulikaa watatu. Mapumziko yalipofika bila bao, kijana akanong’ona:

“Babu, bado?”

“Bado. Ngoja.”

Akangoja.