Mlio Una Jina Lake

Lugha yetu imejaaliwa majina mengi ya sauti. Nyuki huvuma, radi hunguruma, jembe likipita juu ya jiwe hukwaruza, moto wa makumbi hutatarika, na mchi hugonga kinu. Anayeziita zote hizo "kelele" hajasema kitu. Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa miaka mingi, na najua kwamba mfasiri akikosa jina la sauti, msomaji wake hasikii chochote.

Nayasema haya kwa sababu ya chombo ambacho wazee wetu hawakukijua: maikrowevu. Katika maandishi yangu nimekiita tanuri la mawimbi, ingawa nyumbani hakuna anayeniitikia kwa jina hilo. Asili yake ni rada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1945 Percy Spencer, Mmarekani aliyeacha skuli akiwa mtoto na kujisomesha mwenyewe, alihisi kipande cha peremende kikiyeyuka mfukoni mwake alipokuwa karibu na magnetroni, yaani kile kifaa kinachozalisha mawimbi. Majiko ya kwanza yaliyouzwa, mwaka 1947, yalikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300. Leo moja limekaa juu ya meza yetu, karibu na mbuzi ya kukunia nazi.

Bi mkubwa wangu amepita miaka 80, na macho yake yamefunga. Moto wa gesi tumemkataza, na mkaa hauwezi tena. Maikrowevu ilimrudishia jambo moja: kujipashia chai na uji wake mwenyewe, saa aitakayo, bila ya kumwamsha mtu. Juu ya kitufe cha dakika moja nilibandika punje ya mchele kwa gundi. Kidole chake huitafuta, hubonyeza, basi. Kwa mtu aliyelisha nyumba nzima kwa miaka 50, kuletewa kikombe mkononi kila mara si raha kama tunavyodhani sisi tunaomletea.

Ndipo jiko likaanza kugonga. Kijana mmoja fundi alilisikiliza kidogo akasema, "Mzee, magnetroni imekwisha hiyo. Nunua jipya." Nyumbani nako ikazuka rai nyengine: liondolewe kabisa, lisije likaripuka mbele ya asiyeona. Jipya halikuwa na bei tuliyoiweza mwezi ule. Kwa hivyo rai zote mbili zilikuwa na mwisho mmoja, nao ni bi mkubwa kupokonywa kikombe chake.

Mwenyewe alikuwa amekaa mkekani akisikiliza. "Mwanangu," akanambia, "hilo halipigi kelele. Hilo linachechemea."

Kinachochechemea kina hatua, na chenye hatua huhesabika. Sisi washairi, shairi lililopungukiwa mizani au vina tunaliita guni, na guni halitibiwi kwa kuchana karatasi. Unahesabu mizani, mshororo kwa mshororo, hadi ukione kipande kilichopungua.

Basi nikaweka kikombe cha maji ndani ya jiko, nikashika saa. Sahani ya kioo ilizunguka mara moja kwa sekunde 12, na kishindo kilikuja kila baada ya sekunde 8. Sahani ingekuwa inagusa ukuta, ingegonga mara moja kwa kila mzunguko wake. Gurudumu lingekuwa na pengo, lingegonga kwa haraka zaidi. Lakini sahani hubebwa na pete yenye magurudumu matatu, na pete hiyo huenda nusu ya mwendo wa sahani, kama magogo tunayoshushia mashua pwani: chombo kikienda hatua mbili, gogo huenda moja. Pete basi huzunguka kwa sekunde 24, na magurudumu yake ni matatu. Gawa, utapata 8. Kulikuwa na kitu kimoja njiani, na kila gurudumu lilikikanyaga kwa zamu.

Nilitoa sahani na pete, nikaweka kikombe cha maji sakafuni mwa jiko, nikaliwasha nusu dakika. Likavuma tu. Magnetroni ilikuwa haina kosa.

Nikachomoa waya wa umeme na kupapasa kwa kidole. Palikuwa na ukoko wa tui lililofurika na kukauka, mdogo kama mbegu ya papai. Nilichemsha maji ya ndimu ndani ya jiko, nikaliacha na mvuke wake, kisha nikachomoa tena na kufuta kwa kitambaa laini. Kisu hakifai, kwani hukwangua rangi, na hewa yetu ya chumvi haichelewi kuleta kutu.

Kujisomesha hata hivyo kuna mpaka, na hapa mpaka ni skurubu za bati la nje. Ndani yake umeme wetu wa volti 230 hupandishwa hadi kiasi cha volti 4,000, na kapasita yaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Feni ikikwaruza, au mvumo ukigeuka mngurumo mzito, hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea. Likitatarika na kutoa cheche, lizimwe papo hapo: huenda pana chuma ndani, au kile kibao cha maika ukutani kimeungua. Mlango usiofunga vyema ni sababu ya kuliacha kabisa. Tena lisiwashwe bila ya kitu ndani. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini jiko hili likiwa tupu mawimbi huirudia magnetroni yenyewe na kuiunguza.

Mvumo uliobaki si ugonjwa. Ni feni, na ni chuma cha transfoma kinachotikisika mara 100 kwa sekunde kwa mwendo wa umeme wetu. Bi mkubwa anauhitaji, maana ukikatika ndipo anapojua kwamba uji uko tayari. Alfajiri nausikia nikiwa kitandani: huvuma dakika moja, hunyamaza, kisha kijiko hugonga kikombe.