Ipe Filamu Mwanga wa Kutosha



Vijana wetu wa media wamefufua kamera za filamu za wazazi wao, na kila wiki naletewa swali lile lile: "Pasta, mbona picha za wengine zina rangi laini, zimepoa, na zetu ni nzito kama matope?"

Ni mwanga. Ukitia Portra 400, iambie kamera ni 200. Itaingiza mwanga mara mbili. Ukiiambia 100, mara nne. Wakati wa kuosha usibadilishe kitu, ioshwe kama 400 ya kawaida.

Utaniambia picha itaungua. Kwa simu, kweli. Filamu ya slaidi nayo haisamehi. Lakini negativu ya rangi hufanya kinyume: penye mwanga mwingi inakuwa nyeusi, ila habari bado zimo ndani. Pasipofikiwa na mwanga hubaki wazi, na hapo anayeskani hana cha kuvuta ila chenga.

Nasisitiza kwa sababu ya nyuso zetu. Mamangu ana picha moja tu ya rangi ya harusi yake. Gauni unaona hadi uzi wa lesi. Uso wake ni kivuli chenye meno, na marehemu baba ni kola ya shati. Kamera ikiona gauni jeupe hutaka kulifanya kijivu, hivyo inapunguza mwanga, na hasara inaangukia ngozi nyeusi. Tena kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Nani alitufikiria sisi? Wajukuu wakiuliza babu alifanana na nani, mama anaeleza kwa mdomo.

Sasa, Jumapili ni ubatizo. Majoho meupe, jua la saa nne, maji yanang'aa. Usipime joho wala maji. Sogea karibu, pima mwanga kwenye shavu lililo kivulini, rudi nyuma, piga. Anga likipauka kidogo, liache lipauke. Hatukuja kupiga anga.

Kwenye orodha kuna shosho wa miaka 84. Anasema hajawahi kuona picha yake akajitambua. Filamu ni ghali, najua, lakini huyo mpigeni tatu.