Mchezo Ukiisha, Kila Mtu ni Kocha

Ndugu msomaji, kabla hujafungua ukurasa mwingine, hebu jiulize swali moja. Ni lini mara ya mwisho ulipomtazama mtu akishindwa ukasema, "Ningekuwa mimi, nisingefanya vile"? Usione haya. Sote tumesema. Mimi nimesema kwa sauti kubwa kuliko wengi, na ndiyo sababu leo nimeshika kalamu.

Alfajiri ya Jumatano, Juni 19, 2013, nilikuwa nyumbani kwa shemeji yangu mtaani Umoja, hapa Nairobi. Saa kumi za usiku, wakati majirani walikuwa wamelala fofofo, sisi wawili tulikuwa tumejifunika mablanketi mbele ya televisheni tukitazama mpira wa vikapu kutoka Marekani, ambako bado ilikuwa Jumanne usiku. Dada yangu alikuwa ametuonya kwamba atakayemwamshia mtoto atamlaza mwenyewe.

Wewe mama usiyefuata mchezo huu, usiniache njiani. Nitakueleza kwa ufupi. Katika fainali ya ligi ya NBA, timu mbili hupambana hadi mojawapo ishinde michezo minne. San Antonio Spurs walikuwa wameshinda mitatu na Miami Heat miwili. Usiku huo ulikuwa wa mchezo wa sita, mjini Miami. Zikiwa zimesalia sekunde 28, Spurs walikuwa mbele kwa pointi tano. Wafanyakazi walikuwa wameanza kuzungusha kamba ya manjano kando ya uwanja ili watu wasivamie wakati wa kukabidhi kombe. Baadhi ya mashabiki wa Miami walikuwa wameshika njia ya kurudi makwao. Shemeji, ambaye ni Spurs damu, alikuwa amesimama juu ya kochi.

Ghafla LeBron James wa Heat akaingiza mpira wa pointi tatu. Kawhi Leonard wa Spurs akapewa mitupo miwili ya adhabu, akaingiza mmoja na kukosa mmoja. Sasa ikawa 95 kwa 92. Heat walihitaji pointi tatu ili kusawazisha.

Hapo ndipo Gregg Popovich, aliyekuwa kocha wa Spurs, alipofanya uamuzi uliozua mjadala dunia nzima. Alimweka benchi Tim Duncan, jitu la mita 2.11, ambaye usiku huo alikuwa amefunga pointi 30 na kudaka mipira 17 iliyorudi kutoka kikapuni. Mahali pake akamwingiza Boris Diaw. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Adui alihitaji mtupo wa mbali, basi wacha uwanjani wabaki watu wepesi wa kuwakimbiza watupaji hadi nje ya mstari.

James akatupa, akakosa. Mpira ukarudi juu, na Duncan hakuwepo. Chris Bosh akaudaka, akampa Ray Allen aliyekuwa akirudi kinyumenyume hadi pembeni. Allen akaruka, akatupa. Ukaingia! Saa ilikuwa imebakisha sekunde 5.2. Katika muda wa ziada Heat wakashinda 103 kwa 100, na katika mchezo wa saba wakamaliza kazi, 95 kwa 88.

Msomaji, kelele nilizopiga ziliamsha ploti nzima. "Kocha gani huyu! Mchezaji mrefu haondolewi mwishoni! Hata nyanyangu anajua!" Mpwa wangu, wakati huo mtoto wa miaka minane, akatoka chumbani akifikicha macho, akaketi katikati yetu na kuuliza nani amekufa. Hatukumjibu. Tulikuwa tunamhukumu Popovich.

Kesi iliendelea kwenye matatu ya kwenda mjini. Kijana mmoja mwanafunzi alisema kosa halikuwa kumtoa Duncan, bali kutowachezea Heat faulo mapema, maana mitupo miwili ya adhabu ingewapa pointi mbili tu na wangebaki nyuma. Makanga akasema wa kulaumiwa ni Leonard aliyekosa mtupo wake. Mimi sikubanduka. Mrefu haondolewi. Nilishuka nikiwa nimeshinda mjadala, au ndivyo nilivyodhani.

Lakini ulimi huuponza mwili. Miaka ilipita, nami nikajulikana mtaani kwa maneno yangu ya mpira. Mwaka 2019 vijana wa mtaa walipokosa kocha, wazee walisema, "Mpeni yule anayejua kila kitu." Basi nikajikuta kila Jumamosi kwenye uwanja wa saruji iliyopasuka, wenye kikapu kimoja kilichopinda, nikiwa na filimbi shingoni. Aliyenisaidia alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa maneno machache. Na mchezaji wetu mrefu kuliko wote alikuwa yule yule mpwa wangu, sasa mwenye umri wa miaka 14, mwembamba kama mnazi na bado akijifunza kuitawala miguu yake.

Tulifika fainali ya mashindano ya mitaa. Msomaji, kwako huenda ni jambo dogo. Kwetu akina mama walifunga vibanda vyao mapema ili waje kutazama. Zikiwa zimesalia sekunde kumi hivi, tulikuwa mbele 40 kwa 38, na mpira ulikuwa wa wapinzani. Niliomba muda. Mwalimu akaninong'oneza, "Mtoe huyu mrefu. Amechoka, miguu imekuwa mizito. Mwingize mdogo mwenye mbio."

Nikamkumbuka Popovich. Nikakumbuka kochi la shemeji na kelele zangu mwenyewe. Mimi nimtoe mrefu? Watu watanielewaje? Isitoshe, tulikuwa mbele kwa pointi mbili tu, na niliogopa watapenya chini ya kikapu wasawazishe. Nikamwacha uwanjani.

Hawakupenya. Walimtoa mtupaji wao mfupi hadi nje ya mstari wa pointi tatu. Mpwa wangu alimkimbilia, lakini alifika amechelewa nusu hatua, mkono juu, na mpira ukapita juu ya vidole vyake. Ukaingia pasipo kugusa chuma. 41 kwa 40.

Unaona, msomaji? Popovich alimtoa mrefu akashindwa. Mimi nilimwacha mrefu nikashindwa. Na mashabiki wetu, baadhi yao wale wale tuliokuwa tukimcheka Popovich pamoja, walinizingira wakisema hata mtoto mdogo angejua kumtoa. Mmoja akaongeza la kuchoma zaidi, "Alimwacha kwa sababu ni mtoto wa dadake."

Laiti ningenyamaza. Laiti ningesema, "Uamuzi ni wangu, nilaumuni mimi." Badala yake nilitamka maneno ninayoyajutia hadi leo. Nilisema, "Mimi nilimwambia amkabe yule mtupaji. Kijana mwenyewe alizembea."

Huo ulikuwa uwongo. Sikuwa nimemwambia hivyo. Nilikuwa nimemwambia alinde chini ya kikapu, naye akatii hadi alipoona hatari akatoka mbio. Nilipogeuka, nilimwona amesimama nyuma yangu, amebeba chupa za maji za timu nzima. Hakusema neno. Aliziweka chini moja moja, akaenda zake.

Wiki tatu baadaye dada yangu alinipigia simu. "Kaka, umemfanya nini mtoto?" Kijana alikuwa amesukuma viatu vyake vya mpira chini kabisa ya kitanda. Akitoka shule anajifungia. Baba yake, kwa kusikia niliyoyasema uwanjani, alikuwa amemwambia mezani mbele ya wadogo zake kwamba uzembe wake umetutia aibu. Mtoto akaacha ugali wake, na tangu siku hiyo jina la mpira wa vikapu halikutajwa katika nyumba ile. Sasa nikaelewa kwamba tuliopoteza pointi moja uwanjani tulikuwa mbioni kupoteza kitu kikubwa zaidi.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikakumbuka habari moja niliyopata kuisoma kuhusu usiku ule wa Miami. Spurs walikuwa wameagiza meza hotelini ili washerehekee ubingwa. Waliposhindwa, nani angekuwa na hamu ya kula? Lakini Popovich alishikilia kwamba timu nzima iende pale pale, na familia zao. Wachezaji walipowasili walimkuta akiwapokea, akizunguka meza hadi meza. Wakala pamoja katika usiku ambao kila mmoja angetaka kujificha peke yake. Mwaka uliofuata, 2014, timu ile ile ilikutana tena na Miami Heat katika fainali, ikawashinda michezo minne kwa mmoja.

Jumamosi iliyofuata niliwaita vijana wote kwenye kibanda kilicho karibu na uwanja. Mpwa wangu alikuja kwa kuburutwa na mama yake. Nikaagiza chapati na maharagwe kwa kila mtu. Kabla hawajaanza kula nikasimama, magoti yakinitetemeka kama ya mtoto aliyevunja chungu.

"Nilisema uwongo," nikawaambia. "Sikumwambia amkabe yule mtupaji. Nilimwambia alinde chini. Uamuzi wa kumwacha uwanjani ulikuwa wangu, na Mwalimu alinishauri vingine. Mpwa wangu, nisamehe."

Kimya kilitanda hadi nikasikia sufuria zikichemka. Kisha mvulana mmoja akasema, "Kocha, hata mimi nilikosa mitupo miwili ya adhabu kipindi cha kwanza." Mwingine akasema alipoteza mpira akijaribu mbwembwe. Mwingine alikiri kwamba yule mtupaji alikuwa mtu wake wa kukaba, akamwachilia. Walihesabu hadi pointi zilizopotea zikapita kumi. Ikawa kama kila mmoja anataka kubeba kipande cha mzigo ambao sisi wakubwa tulikuwa tumemtwika mtoto mmoja.

Mpwa wangu alikuwa wa mwisho kusema. "Mjomba, ungenitoa tungeshinda?"

Msomaji, hilo ndilo swali ambalo alfajiri ile ya 2013 ningelijibu kwa dakika ishirini bila kupumua. Nilimwambia, "Sijui." Akanitazama kwa muda, akakata kipande cha chapati, akaanza kula. Jumatatu yake dada yangu akanipigia kuniambia kwamba viatu vimetoka chini ya kitanda.

Mwaka 2021 timu yetu ya taifa ilicheza kule Kigali, Rwanda, katika mashindano ya mataifa ya Afrika, mara yake ya kwanza kufika huko tangu 1993. Ikafungwa na Sudan Kusini 60 kwa 58, na tiketi ya robo fainali ikatuponyoka kwa kikapu kimoja. Tulikuwa kwa shemeji tena, kochi lile lile. Mpira ulipoisha tu, shemeji akainuka. "Kocha alifanya nini pale mwishoni? Mimi ninge..."

"Baba," kijana akamkatiza kwa adabu, "ungesema hivyo kabla hujajua matokeo?"

Shemeji alibaki mdomo wazi. Akanitazama mimi, nami nikatazama kikombe changu cha chai. Kisha akaketi polepole na kusema, "Basi tueleze wewe uliyewahi kusimama pale." Na kijana akatueleza jinsi sekunde za mwisho zilivyo: jinsi miguu inavyokuwa mizito, jinsi masikio yanavyoziba, jinsi mtu anavyochagua moja kati ya njia mbili na zote zina shimo. Tulijadiliana hadi chai ikapoa. Ulikuwa mjadala mtamu kuliko wote tuliowahi kuwa nao katika nyumba ile.

Sisemi tuache kubishana. Mpira bila ubishi ni kama pilau bila viungo. Lakini tofautisha, ndugu msomaji, uamuzi mbaya na uamuzi uliokosa bahati. Jiulize mwenzako alikuwa anajua nini wakati anaamua, si unachokijua wewe leo. Mwanao akirudi na matokeo ya mtihani, mumeo akifunga biashara aliyoianza kwa matumaini, dada yako akijuta kwa kazi aliyoiacha, swali ni lile lile. Na kama sehemu ya kosa ni yako, liseme mapema, kabla mtoto hajaweka chupa za maji chini akaenda zake.

Jioni ya leo huenda timu yako itashindwa kwa pointi moja. Kabla hujasimama juu ya kochi, tazama kwanza ni nani ameketi kando yako akikusikiliza.