Ngozi ya Mama Haikuwa Nyekundu



Mama yetu alipopatwa na kiharusi hapa Uingereza akabaki kitandani, muuguzi alikuwa akija nyumbani kumtazama. Siku moja aliandika kwamba ngozi ni salama, kwani hakuona wekundu. Jioni ile dada yetu, akimtawadhisha, alishika kisigino akakikuta kina joto na kigumu kuliko cha pili, na Mama akaguna kwa maumivu. Tulipiga simu. Muuguzi mwingine alikuja, akapapasa, akathibitisha kuwa kidonda kilikuwa kinaanza. Mguu uliinuliwa kwa mto, na alhamdulillahi ngozi haikupasuka.

Twayaandika haya kwa kuwa wazee wetu wengi wanazeekea ugenini. Kidonda cha kulalia hutokea pale mfupa unapoibana nyama juu ya godoro hata damu isipite: visiginoni, nyongani na chini ya mgongo. Katika ngozi nyeupe, dalili ya kwanza ni wekundu usiotoweka ukibonyezwa kwa kidole. Katika ngozi yetu wekundu huo huenda usionekane. Pengine mahali pale huwa peusi zaidi au pa rangi ya zambarau. Pengine jicho halioni kitu, ila mkono huhisi joto au ubaridi, ugumu au ulaini usio wa kawaida.

Miongozo ya NICE iliyotolewa nchini humu mwaka 2014 ilishauri mgonjwa aliye hatarini ageuzwe angalau kila saa 6, na aliye hatarini zaidi kila saa 4. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro. Ngozi ikaushwe kila inapolowa. Mafuta yapakwe taratibu. Kusugua kwa nguvu mahali palipokwisha kuumia huzidisha madhara.

Twajua wazee wetu wana haya, na stara ni haki yao. Tuombe muuguzi mwanamke kwa mama zetu, mwanamume kwa baba zetu, na mwili ufunuliwe sehemu moja moja. Lakini utazamwe kila siku. Na muuguzi akisema hakuna wekundu, tumwombe kwa adabu aguse pia, kisha aandike alichokihisi.

Wabillahi tawfiq.